Uoni wa wazee wasioweza kujieleza: tupime vipi, na tuandike nini kwenye jalada?

Muuguzi wa Mafinga (swali)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Ninahudumu katika makazi ya wazee yanayoendeshwa na shirika la dini huku Mufindi, ambako tunawatunza wazee waliokosa ndugu wa kuwalea, pamoja na wachache walioletwa na familia zao kwa sababu ya maradhi yanayohitaji uangalizi wa saa zote. Baadhi yao hawawezi kujieleza kabisa. Wapo waliopooza upande mmoja na kupoteza usemi baada ya kiharusi, wapo ambao ugonjwa wa kusahau umewafikisha mahali pa kutomtambua hata anayewalisha, na yupo bibi mmoja ambaye ni kiziwi tangu utotoni, hakusoma, na ishara zake alizielewa dada yake tu, ambaye sasa ni marehemu.

Uongozi umeagiza kila mzee afunguliwe jalada jipya, na humo imo sehemu inayodai kiwango cha uoni cha kila jicho. Kwa wazee wanaozungumza sina shida, maana tunayo chati ya herufi E ambayo humtaka mtu aonyeshe kwa mkono upande ambao miguu ya herufi imeelekea, na hata asiyejua kusoma huiweza. Kwa hawa wengine majalada ya zamani yameandikwa neno moja tu, «hapimiki», na neno hilo limekuwa likinakiliwa mwaka hadi mwaka. Sioni sababu ya kulinakili tena, kwa kuwa hata kwa macho yangu naona wanatofautiana sana: mmoja hugeuza uso mtu anapoingia mlangoni kabla hajasemeshwa, ilhali mwingine hupapasa meza akitafuta kikombe kilicho mbele yake.

Naomba kuelekezwa mambo matatu. Kwanza, je, kuna namna ya kupima uoni wa mtu asiyejibu ambayo matokeo yake yanaaminika, au ni kubahatisha? Pili, ni vipimo vipi ninavyoweza kuvifanya mwenyewe kwa tochi na vitu vya kawaida, na vipi ni vya kumwachia mtaalamu? Tatu, nimeambiwa kwamba mboni zikisinyaa kwa mwanga inatosha kuandika kuwa mzee anaona. Je, ni kweli?

Mtaalamu wa macho, Mbeya

Sista, nianze na swali lako la tatu, kwa sababu kauli hiyo ndiyo inayopotosha majalada mengi. Si kweli. Mwanga ukiingia jichoni, taarifa yake hutoka kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hupita katika neva ya jicho, kisha hufika kwenye shina la ubongo na kurudi moja kwa moja kwenye misuli ya mboni. Safari hiyo haigusi kabisa sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, ambayo ndiyo inayotufanya tutambue tunachokiangalia. Kwa hiyo mzee ambaye kiharusi kimeharibu pande zote mbili za kisogo cha ubongo anaweza kuwa haoni chochote, na bado mboni zake zikasinyaa vizuri kama za kijana. Kinyume chake hutokea pia: mboni za wazee ni ndogo kwa asili, na zikiwa zimeshikana na lenzi kwa sababu ya jeraha au uvimbe wa zamani, au zikiwa zimebanwa na dawa ya matone kama pilokapini, hazitacheza hata kama jicho linaona.

Kipimo cha mboni kina faida yake nyingine, nayo ni kulinganisha jicho na jicho. Katika chumba chenye mwanga hafifu, mulika jicho moja kwa sekunde mbili au tatu, hamia upesi kwenye lingine, kisha rudi. Ikiwa mboni zinatanuka kila tochi inapohamia kwenye jicho fulani badala ya kusinyaa, basi retina au neva ya jicho hilo ina hitilafu kubwa. Mtoto wa jicho peke yake, hata awe mweupe kiasi gani, haleti dalili hiyo, na ndiyo maana tunaiangalia kabla ya kumpangia mzee upasuaji: hatutaki kuondoa mtoto wa jicho mahali ambapo neva imekwisha kufa kwa glaukoma, yaani ugonjwa wa presha ya jicho.

Kuhusu swali la kwanza, vipimo vya kuaminika vipo, lakini kila kimoja hujibu swali lake tu, na kosa hutokea tunapokifanya kijibu swali la kingine. Chati ya Snellen ya mwaka 1862, na hiyo ya E iliyotokana nayo, hupima mambo mengi kwa pamoja: macho, ufahamu, kumbukumbu, mkono na utayari wa mtu kushirikiana. Mzee asipoijibu hujui ni kipi kati ya hivyo kilichokwama. Kwa asiyejieleza tunakwenda kipande kwa kipande.

Kipande cha kwanza ni kama njia ya mwanga ndani ya jicho iko wazi. Mtu mwenye oftalmoskopu, kifaa chenye mwanga cha kutazamia ndani ya jicho, akisimama umbali wa mkono mmoja, chumba kikiwa na giza kidogo, ataona mboni ikiwaka rangi nyekundu au ya machungwa. Ikiwaka sawasawa pande zote mbili, lenzi na konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ziko safi; ikiwa nyeusi, au ina kivuli katikati, kuna kizuizi, ambacho kwa wazee wetu mara nyingi ni mtoto wa jicho. Siku hizi kipo kifaa kidogo kiitwacho Arclight, kinachochajiwa kwa jua, ambacho muuguzi anaweza kufundishwa kukitumia kwa kazi hii. Kifaa hicho hicho hutazama sikio, na kwa wazee wasiojibu kutazama sikio si jambo la ziada.

Kipande cha pili ni retinoskopi. Hapa sista ningependa nieleweke vizuri, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba miwani haiwezi kupimwa bila mgonjwa kusema «hii ni bora, ile si bora». Tunaweza kuipima bila yeye kutamka neno. Tunapitisha mwanga wenye umbo la mstari juu ya mboni, tunaangalia unavyorudi na kusogea, tunaweka lenzi mbele ya jicho hadi msogeo huo utoweke, na namba ya miwani inapatikana. Kinachotakiwa ni mzee atulie kwa muda mfupi na jicho liwe wazi.

Nawasisitizia hili kwa sababu ya wazee waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho miaka ya zamani, kabla ya lenzi bandia kuwekwa ndani ya jicho kuwa jambo la kawaida. Walipewa miwani minene sana, ya karibu namba 10 ya kuongeza, na bila miwani hiyo dunia yote kwao ni ukungu. Mzee wa namna hiyo akipatwa na kiharusi, akahamishwa hapa na pale na miwani ikapotea njiani, anapokelewa kwenye makazi kama kipofu, wala hawezi kumwambia mtu yeyote kwamba alikuwa na miwani. Retinoskopi humtambua mara moja.

Kipande cha tatu ndicho kinachokaribia kile fomu yako inachokitaka, yaani kiwango. Zipo kadi za Teller, zilizobuniwa kwa ajili ya watoto wachanga, ambazo upande mmoja una mistari myeusi na myeupe na upande mwingine ni kijivu chenye mng'ao uleule. Jicho linaloiona mistari huvutwa nayo. Lisipoiona, kadi yote huonekana kijivu. Mpimaji hutazama macho yanakimbilia wapi, bila yeye mwenyewe kujua mapema mistari iko upande gani, kisha huendelea na mistari myembamba zaidi hadi macho yaache kuchagua. Kadi za Cardiff hutumia picha zinazotoweka kwa kanuni hiyohiyo, ila picha huwa juu au chini ya kadi. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa wagonjwa wa kiharusi, kwa sababu aliyepoteza nusu ya uwanja wa kuona hatageukia mistari iliyo upande uliokufa, naye ataandikiwa uoni mbaya kuliko alio nao. Kwa mgonjwa huyo kadi ya Teller husimamishwa wima.

Kwa anayependa hesabu: katika umbali wa sentimita 57, sentimita 1 ni sawa na digrii 1 ya uwanja wa kuona. Mstari mweusi wenye upana wa milimita 1.7 ukifuatwa na mweupe wa upana huohuo, kwa umbali huo, ni sawa na 6/60 kwenye chati, yaani kuona kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa mita 60. Msikimbilie kuchapisha kadi zenu, hata hivyo, kwa sababu kijivu kisipolingana na mistari kwa mng'ao, mzee atageukia upande wenye weupe zaidi nanyi mtasema ameiona mistari. Tena, hata kadi halisi huwa na ukarimu: aliyeharibika katikati ya retina kwa uzee huona mistari kuliko anavyoweza kuona herufi. Kwa hiyo andika jina la kipimo kando ya matokeo, usiandike 6/60 peke yake kana kwamba imetoka kwenye chati.

Kipo pia kipimo cha kubandika vihisio kisogoni na kurekodi umeme wa ubongo mtu anapoangalia miraba inayobadilikabadilika. Hakihitajiki kwa wazee wengi, nacho hudai mgonjwa aendelee kuelekeza macho kwenye skrini, jambo ambalo hawa wetu ndilo linalowashinda.

Muuguzi mstaafu, Tukuyu

Marahaba mwanangu. Mtaalamu ameeleza vizuri mambo ya vifaa. Mimi nitasema juu ya yale yanayotangulia vifaa, kwa kuwa nimeona wazee wengi wakiandikwa vipofu ilhali kilichowashinda ni kitu kingine.

Kwanza hakikisheni mzee anasikia na anaielewa lugha. Wapo wazee wa Rungwe ambao Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni na ofisini tu. Akili ikichoka, hicho ndicho hutangulia kuondoka, na kinabaki Kinyakyusa alicholelewa nacho. Huko kwenu bila shaka ni Kihehe, Kibena au Kikinga. Tafuteni mhudumu, hata mpishi, anayeweza kumwambia mzee «tazama hapa» kwa lugha ya mama yake. Masikio yasafishwe nta. Macho yenyewe yapanguswe matongotongo kwa maji safi ya uvuguvugu, na kope zilizolegea ziinuliwe taratibu kwa kidole, kwa maana jicho lililofunikwa na kope haliwezi kushtakiwa.

Angalieni pia saa na dawa. Mzee aliyepewa dawa za kutuliza kama diazepamu au haloperidoli usiku hatafuata kitu kwa macho asubuhi, na mkimpima wakati huo mnapima dawa. Sisi wa nyanda za juu tuna jambo letu jingine: kuanzia Juni hadi Agosti tunafunga madirisha kwa ajili ya baridi, vyumba vinakuwa na giza mchana, na mzee amejikunyata ndani ya blanketi. Retina ya mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaofika kwenye retina ya kijana wa miaka 20, sasa fikirieni aliye na miaka 85 katika chumba hicho. Msubirini jua lipande, anywe chai, apate joto, kisha mumketishe mgongo ukiwa dirishani ili mwanga uangukie kitu mnachomwonyesha, usimpige yeye usoni.

Baada ya hapo, wakati wa chakula utawafundisha mengi kuliko tochi. Mzee anayemaliza chakula cha upande mmoja wa sahani na kuacha upande mwingine, kisha mkiizungusha sahani akaendelea kula, amewaonyesha kwamba nusu ya mbele yake haipo. Anayeacha ugali mweupe kwenye sahani nyeupe na kuula akiwekewa sahani ya rangi amewaambia jambo kuhusu macho yake, wala si kuhusu hamu ya kula. Watafiti wa huko Boston, Marekani, walipowabadilishia wagonjwa wa kusahau vyombo vyeupe kwa vyombo vya rangi kali, waliona wakila na kunywa zaidi. Mnaweza pia kutandika kitambaa cheusi mezani na kuweka punje ya mahindi au karanga, mtazame kama mkono unaiendea moja kwa moja au unapapasa. Mkae karibu naye, asije akaimeza vibaya na kupaliwa.

Kwa kumaliza, sisi tulikuwa tunapeleka kiganja ghafla mbele ya macho. Akipepesa anaona, asipopepesa haoni.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Iringa

Shikamoo mama. Nakubaliana nawe katika yote ya juu, na hasa lile la sahani, ila kwa heshima naomba nitofautiane kuhusu kiganja. Kiganja kikija kwa kasi husukuma upepo, upepo hugusa konea, na konea ikiguswa mtu hupepesa hata akiwa haoni. Mzee huyo ataandikwa anaona kwa kosa. Upande wa pili, mgonjwa wa Parkinson hupepesa mara chache kwa asili ya ugonjwa wake, na yule ambaye ubongo wake umechoka sana huenda asikione kiganja kuwa ni tishio, kwa hiyo kutopepesa si ushahidi wa upofu. Ukitaka kukitumia kipimo hicho, shika karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga mbele ya uso wa mzee ili izuie upepo, kisha leta kidole kutoka pembeni, mara upande wa kulia, mara upande wa kushoto, kimyakimya. Akipepesa kwa kidole cha kulia tu na kila mara, umepata jambo la kuandika: huenda haoni upande wa kushoto.

Hilo la kimya nalirudia kwa sababu wengi wetu tunapima huku tunazungumza. «Bibi, tazama huku,» na bibi anageuka, amefuata sauti. Wengine huvaa bangili zinazolia, au wanakuja na harufu ya chakula mkononi. Anayepima anyamaze, na anayemtuliza mzee akae nyuma yake.

Kwa kitu cha kufuatwa na macho, kioo cha kawaida kina nguvu kuliko tochi. Wataalamu wanaopima wagonjwa waliotoka kwenye usingizi mzito wa majeraha ya kichwa wamegundua kwamba wapo wasiofuata tochi wala kitu kingine chochote, lakini wakafuata uso wao wenyewe ndani ya kioo kinachosogezwa polepole. Jaribuni umbali wa mkono mmoja, kulia na kushoto, kisha juu na chini. Yasipofuata, angalieni kwanza kama macho yenyewe yanaweza kusogea, kwa kuwa baada ya kiharusi macho huweza kukwama upande mmoja, na jicho lililokwama haliwezi kuonyesha kwamba limeona. Kitambaa chenye mistari ya wima, mathalani kikoi, kikivutwa taratibu mbele ya uso huyafanya macho yaende nacho na kurudi kwa kurukaruka. Yakifanya hivyo, kuna uoni. Yasipofanya, hamjathibitisha lolote.

Ili kutofautisha jicho na jicho, fumba moja kwa kiganja chako au kwa kitambaa laini. Mzee anayevumilia ukifumba la kushoto, lakini akakunja uso na kuusukuma mkono wako ukifumba la kulia, anakwambia kwamba la kulia ndilo analolitegemea.

Nina neno pia juu ya waliopoteza usemi. Mtu aliyepoteza usemi baada ya kiharusi si lazima awe amepoteza akili, na swali la ndiyo au hapana huweza kuwapotosha, kwa maana anaweza kutikisa kichwa kukubali akiwa anakusudia kukataa. Achaneni na maswali, mpeni kulinganisha. Wekeni mbele yake maumbo makubwa manne, duara, mraba, nyumba na tofaa, kama yale yaliyobuniwa na daktari wa macho wa Ufini, Lea Hyvärinen, kisha mwonyesheni moja kutoka mbali na kumwachia aguse linalofanana nalo. Anzeni na vitu halisi, kijiko kwa kijiko, kikombe kwa kikombe, mpaka mchezo ueleweke. Huyo bibi yako kiziwi, sista, simwoni kabisa katika kundi la wasiopimika. Mwonyeshe mhudumu mwenzako akicheza mchezo huo mara chache mbele yake, naye ataufuata, na hapo utapata kiwango halisi cha kila jicho kwa umbali unaojulikana.

Binti wa Makete

Naomba niingilie kidogo. Mama yangu yuko kwenye makazi upande wa Njombe na hasemi tangu alipopata kiharusi. Siku hizi huokota vitu hewani na kutabasamu akitazama ukuta usio na kitu. Ndugu wengine wanasema ni mambo ya kiukoo, wengine wanasema kwa kuwa anaokota basi macho yake ni mazima. Je, ishara hiyo ina maana gani kwa upande wa macho?

Muuguzi wa Mafinga

Nawashukuru sana wakubwa. Bibi kiziwi amelinganisha maumbo leo asubuhi, jicho la kulia hadi yale ya ukubwa wa kati kwa mita 3, na la kushoto hakuna alichokigusa. Mboni ya jicho hilo ukiitazama ina weupe. Nitamwombea rufaa. Sasa naomba msaada wa mwisho: kwa wale ambao nimeona tu wanafuata kioo au hawafuati, niandike nini kwenye kisanduku kinachodai namba? Na ni dalili zipi ambazo sipaswi kusubiri siku ya kliniki?

Mtaalamu wa macho, Mbeya

Hongera sista, na kwa bibi huyo rufaa yako ina msingi. Mulika mboni zake kwa kulinganisha kabla hamjaondoka, kisha uandike ulichokiona ndani ya barua.

Binti wa Makete, kuokota vitu hewani hakuthibitishi kwamba macho ni mazima. Mara nyingine ni kinyume chake. Mtu ambaye uoni wake umepungua sana anaweza kuona watu, maua au watoto wasiokuwapo, kwa sababu ubongo uliokosa taarifa kutoka machoni hujitengenezea picha zake. Charles Bonnet wa Uswisi aliliandika jambo hili mwaka 1760 baada ya kulishuhudia kwa babu yake, ambaye macho yalikuwa hafifu na akili timamu. Hata hivyo, usikae na maelezo hayo kabla mengine hayajaondolewa. Ikiwa hali hiyo imeanza ghafla ndani ya siku chache, na mama anasinzia au anahangaika zaidi usiku, muombe muuguzi atafute maambukizi ya mkojo au mapafu, upungufu wa maji mwilini, na dawa mpya aliyoanzishwa. Hilo ni la kushughulikiwa siku hiyohiyo. Baada ya hapo macho yapimwe.

Kuhusu kisanduku cha namba, mfano wa kuazima upo. Fomu ya tathmini inayotumika katika nyumba za uuguzi za Marekani ina ngazi tano za uoni, kuanzia 0 kwa anayesoma maandishi ya kawaida ya gazeti hadi 4 kwa asiyeona, au anayeona mwanga, rangi na maumbo tu, na ambaye macho yake hayaonekani kufuata vitu. Ngazi ya 3 ni ya yule ambaye hatuna hakika kama anavitambua vitu, lakini macho yake yanaonekana kuvifuata. Maelekezo yake yanakubali wazi kwamba kwa asiyejieleza muuguzi atazame kama macho yanafuata watu na vitu vinavyosogea, na yanakiri kwamba hicho ni kipimo cha jumla tu. Kwa hiyo usijilazimishe kuandika 6/60 usiyoipima. Andika hivi, kwa mfano: «Macho yote mawili yakiwa wazi, amefuata kioo kulia na kushoto kwa umbali wa mkono mmoja, saa nne asubuhi, chumba chenye mwanga wa dirisha, hakuna sauti. Jicho la kulia likifumbwa husukuma mkono. La kushoto likifumbwa hutulia, wala hakatai. Mboni zote zinasinyaa kwa mwanga. Mwangaza mwekundu wa mboni: kulia safi, kushoto kivuli. Miwani: hana. Dawa za usingizi: hakupewa jana. Kiwango kwa chati: hakijapatikana.» Kisha weka tarehe na jina lako, na urudie siku nyingine kabla ya kufunga ukurasa, kwa sababu mzee mmoja huweza kuwa watu wawili kwa siku mbili tofauti. Jibu la «ndiyo, amefuata» likipatikana hata mara moja katika hali nzuri, hilo ndilo lenye uzito; jibu la «hapana» halina uzito huo.

Dalili za kutosubiri: jicho lililokuwa jeupe na sasa limekuwa jekundu ghafla, konea yenye ukungu, mboni iliyotanuka isiyosinyaa, mzee anayejisugua jicho, anayetapika au kukataa chakula bila sababu ya tumboni. Hiyo huenda ikawa presha ya jicho iliyopanda ghafla, nayo huua neva kwa muda wa saa au siku chache. Asiyesema hawezi kukuambia kwamba kichwa kinamuuma, ataonyesha kwa tabia. Vilevile kidonda kwenye konea kwa wale wanaolala macho wazi baada ya uso kupooza, na kope inayoanguka ghafla pamoja na mboni kubwa.

Mwisho, mnapowaleta wazee, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya au hospitali ya mkoa huko Iringa, leteni mambo haya: orodha ya dawa zote, miwani yoyote ya zamani hata kama imevunjika, karatasi za upasuaji kama zipo, na mhudumu anayejua lugha ya mzee na jinsi anavyoonyesha kukubali au kukataa. Kama upasuaji utapendekezwa, ndugu aliyesajiliwa au afisa ustawi wa jamii ajulishwe kabla ya safari, kwa sababu mgonjwa asiyeweza kutoa ridhaa yake mwenyewe hurudishwa nyumbani wasipokuwapo wa kumsemea, na barabara ya kutoka Mafinga hadi huku si fupi kwa mtu aliyepooza. Asubuhi na mapema ndiyo saa nzuri. Mchana foleni huwa ndefu, na mzee akishachoka hatafuata kadi wala kioo.